Mgongano wa maslahi si jina lingine la wizi

Katika mikutano ya miradi ya ujenzi hapa Uganda, maneno "mgongano wa maslahi" yamegeuka kuwa tusi. Mtu akiyatamka, chumba kizima kinanyamaza, na aliyetajwa anaanza kujitetea kana kwamba amekutwa na saruji ya serikali nyumbani kwake. "Mimi sijala hela ya mtu!" Mwenzake anaitikia kwamba, kama hajala hela ya mtu, basi hana mgongano wowote, tuendelee na ajenda. Wote wawili wamekosea. Na kwa kuwa ni wahandisi waliosajiliwa, watu wanaotia saini michoro na vyeti vya malipo, kosa lao lina gharama.

Maana yenyewe ni fupi. Mtu amekabidhiwa kuamua jambo kwa niaba ya mwingine, na papo hapo ana faida, undugu, deni au urafiki unaoweza kuuvuta uamuzi wake upande mmoja. Basi. Hiyo ni hali. Inakuwepo kabla hajaamua lolote, na inakuwepo hata kama ni mwaminifu kuliko sote.

Kuna matumizi mengine nitayapita haraka. Wakulima wanapodai fidia ya ardhi inayopitiwa na barabara na serikali inapotaka kulipa kidogo, huo ni ugomvi wa pande mbili, kila upande na chake. Mgongano ninaouzungumzia unamkaa mtu mmoja, ndani ya kiti kimoja. Vilevile, kampuni inapojifanya kuwa ya Marekani na kulipwa malipo ya awali ya zaidi ya shilingi bilioni 24, kama ilivyotokea kwenye barabara ya Mukono–Katosi, kashfa iliyolipuka mwaka 2014, huo ni utapeli. Kuuita mgongano wa maslahi ni kuupunguzia uzito.

Linalonisumbua hasa ni lile la kwanza: imani kwamba kuwa na mgongano ni kosa, na kwamba asiye na kosa hana mgongano. Chukua mhandisi mkazi, yule anayesimamia kazi palepale kwenye ujenzi, kwenye jengo la ghorofa nne. Zege la nguzo limeandikwa kwenye michoro kuwa la daraja la 25, yaani lihimili niutoni 25 kwa kila milimita ya mraba. Fundi wa maabara amejaza kyubu, vipande vya zege vya majaribio vyenye umbo la mchemraba, za milimita 150, amezilaza kwenye maji, na siku ya 28 zimevunjwa: moja 27, nyingine 26, ya tatu 23. Hapo hakuna jibu la papo kwa papo. Kanuni za kupokea zege huangalia tokeo moja moja pamoja na wastani wa matokeo yanayofuatana, na ile 23 inaweza kuwa kyubu iliyoshindiliwa vibaya, au inaweza kuwa dalili kwamba mchanga ulioletwa wiki ile ulikuwa na udongo mwingi. Mhandisi anaweza kuagiza nguzo ikatwe vipande vya kupimwa, kazi isimame, mkandarasi alalamike. Anaweza pia kuandika "imekubalika, tuendelee kufuatilia". Mhandisi mwenye akili timamu anaweza kuchagua mojawapo na akaitetea.

Sasa ongeza jambo moja: mchanga huo unaletwa na lori la shemeji yake.

Hajapokea kitu. Shemeji hajamwomba chochote. Lakini ile hukumu ya kitaaluma, kile hasa ambacho mwenye jengo alimlipia, imepata uzito upande mmoja, na yeye mwenyewe hawezi kuupima uzito huo. Anaweza kumwonea huruma shemeji bila kujua. Anaweza pia kumkomesha shemeji ili aonekane ana msimamo, akaangusha nguzo isiyo na kasoro na kumtia mwenye jengo hasara bure. Watu husahau upande huu wa pili. Ukali wa kujionyesha nao ni hukumu iliyopinda.

Ndiyo maana jibu la "sikupendelea" halitoshi. Hakuna aliyemwuliza kama alipendelea. Kinachoulizwa ni nani aliyejua kuhusu lori lile kabla ya saini kuwekwa.

Sheria yetu yenyewe imelikata jambo hili vizuri kuliko tunavyolizungumza. Sheria ya Kupambana na Rushwa ya mwaka 2009 ina kifungu cha mgongano wa maslahi, na ukikisoma polepole utaona kosa liko wapi: mtu anashughulikia jambo ambalo yeye au familia yake ya karibu wana maslahi ndani yake, anajua hivyo, anaacha kusema, kisha anashiriki katika uamuzi. Kujua, kunyamaza, kushiriki. Undugu wenyewe haukuhukumiwa. Na kifungu hakikuishia kwenye ofisi za umma. Kinataja pia taasisi za binafsi, kwa hiyo mhandisi wa kampuni asijione yuko nje.

Isingewezekana kuwa vinginevyo katika nchi hii. Wahandisi wetu wengi walikaa dawati moja Makerere au Kyambogo. Mmoja leo yuko wizarani, wa pili ni mshauri, wa tatu ana kampuni ya ukandarasi, wa nne anakaa kwenye kamati ya chama cha wahandisi, UIPE, na wote wanne walichangiana kwenye mazishi ya wazazi wao. Ukisema mwenye mgongano ni mwizi, umewaita wote wezi, na wote watajifunza neno moja tu la kujibu: "sina".

Taaluma yenyewe imejengwa juu ya mgongano ulioandikwa wazi. Mikataba ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, inayotumika kwenye barabara nyingi zinazojengwa kwa mikopo ya Benki ya Dunia na Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina mtu anayeitwa Mhandisi. Analipwa na mwenye mradi. Mkandarasi anapodai siku za ziada kwa sababu ya mvua au fedha za ziada kwa sababu ya mwamba usiotarajiwa, Mhandisi huyohuyo ndiye anayeamua kwanza. Analipwa na upande mmoja, anaamua kati ya pande mbili. Toleo la mwaka 1999 lilikiri kwamba kwa kawaida anamwakilisha mwenye mradi, lakini likamtaka atoe uamuzi wa haki baada ya kushauriana na pande zote. Toleo la mwaka 2017 likaenda mbele zaidi: katika kutoa uamuzi huo, asiegemee upande wowote. Hakuna aliyesema mtu huyo aondolewe. Walisema hali yake ijulikane na njia ya kuamua iwekwe mezani, na asiyeridhika awe na pa kupeleka lalamiko.

Mfano mkubwa zaidi uko mbali na kwetu, Marekani, lakini kila mhandisi anayekaa kwenye kamati ya viwango anafaa kuujua. ASME, chama cha wahandisi mitambo cha huko, hutunga kanuni za usalama wa boila, mitambo ya kuchemshia maji. Mwaka 1971 kilipokea barua ya kuulizia kifaa kinachokata moto maji ya boila yanapopungua: je, kifaa chenye kuchelewa kidogo kabla ya kukata kinakubalika? Barua ilitoka McDonnell & Miller, kampuni iliyotawala soko la vifaa hivyo. Iliyokuwa na kifaa cha kuchelewa ni Hydrolevel, kampuni ndogo iliyokuwa imeanza kumnyang'anya mkubwa wateja. Aliyeshiriki kuliandaa swali alikuwa afisa wa McDonnell & Miller, ambaye pia alikuwa makamu mwenyekiti wa kamati ndogo ya ASME iliyohusika na kifungu hicho cha kanuni. Aliyeandika jibu alikuwa mwenyekiti wa kamati hiyohiyo, na naye alikuwa ameshauriwa katika kuliandaa swali. Jibu likatoka na jina la chama, likitia shaka usalama wa kifaa cha kuchelewa, na wauzaji wa McDonnell & Miller wakalizungusha kwa wateja kama ushahidi kwamba kifaa cha mwenzao ni cha hatari. Hydrolevel ilipolalamika mwaka 1972, yule afisa, ambaye sasa alikuwa amepanda kuwa mwenyekiti, hakuongoza shauri lile. Lakini baadaye alisaidia kuiandika sentensi moja nzito ya jibu la pili. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikibebesha chama chenyewe dhima.

Mtu wa McDonnell & Miller kukaa kwenye kamati ya boila halikuwa tatizo. Nani mwingine anavijua vifaa vya boila kama si wanaovitengeneza? Kamati za viwango duniani kote, na hapa kwetu pia, huwategemea watu wa viwandani wanaojitolea. Tatizo ni kwamba aliyepokea jibu lile hakuwa na njia ya kujua kuwa swali na jibu vimetoka jiko moja. Na ona lile la mwaka 1972: alijitoa kwenye kiti, hakujitoa kwenye kalamu. Nimeona kujitoa kwa namna hiyo kwenye kamati zetu za zabuni. Mtu anatoka chumbani kura inapopigwa, ilhali vigezo vya kutoa alama alivitunga yeye wiki mbili kabla.

Kuna jambo jingine la kwetu linalohitaji kusemwa waziwazi, nalo ni michango. Mhandisi anajiandaa kwa kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wakwe. Vikao vinafanyika kila wiki, kadi zinagawiwa, na mkandarasi anayemsimamia anasimama mbele ya watu na kuahidi ng'ombe. Watu wanapiga makofi. Je, ni rushwa? Huenda siyo, labda angeahidi ng'ombe huyo kwa jirani yeyote. Lakini kuanzia jioni ile mhandisi ana deni la heshima kwa mtu ambaye Jumatatu atamletea kipimo cha kazi kitiwe saini. Deni lile ni maslahi. Kulikataa mbele ya wakwe ni vigumu, nalielewa hilo kabisa. Kumwandikia mkuu wake mistari mitatu Jumatatu asubuhi, akiomba mwenzake ndiye akakague vipimo vya mwezi huo, si vigumu.

Hapa ndipo uongozi unapoingia, na kwa maoni yangu viongozi wetu wa kihandisi ndio wanaolea tatizo. Kijana anakuja na kusema, "Mzee, huyu anayetuletea mchanga ni kaka wa mke wangu." Mkuu wake anafanya nini? Mara nyingi anamtoa kwenye mradi mzima, anampeleka ofisini kupanga mafaili, na mpaka jioni mafundi wote wana habari kwamba injinia fulani "amepatikana". Wenzake watatu waliokuwa na mashemeji wao wanatazama na kunyamaza daima. Kiongozi huyo anaamini amesimamia maadili. Alichofanya ni kuadhibu kusema ukweli.

Kijana yule alihitaji kitu kidogo sana. Tamko lake liandikwe kwenye daftari la mradi, mwenye jengo ajulishwe, na maamuzi yote yanayogusa mchanga na zege lake yaende kwa mhandisi mwingine: kupokea mzigo, kupima, kukubali au kukataa. Michoro ya mabomba, nyaya na ngazi abaki nayo. Kujitoa kunapimwa kwa ukubwa wa jambo, na jambo hapa ni lori la mchanga.

Kwa hiyo nawaomba wenzangu kwa heshima. Tukiwa na ushahidi kwamba mtu ameiba, tuseme ameiba. Tukijua tu kwamba ana ndugu upande wa pili wa meza, tumwulize kama amelitangaza hilo, tena kwa sauti ileile tunayoulizia tarehe ya kikao kijacho. Na kwenye kamati za tathmini, ambako Sheria ya PPDA, ile ya ununuzi wa umma, ya mwaka 2003 inamtaka kila mjumbe atie saini kwamba hana mgongano wa maslahi, tuache kuipitisha fomu ile kama daftari la mahudhurio kabla bahasha hazijafunguliwa. Mjumbe ambaye hajaona majina ya wazabuni hawezi kujua anachokikana. Asomewe kwanza orodha ya kampuni, wakurugenzi wake na wakandarasi wadogo waliotajwa, apewe dakika chache za kufikiri, ndipo aletewe kalamu.