Kodi bila uwakilishi: maana yake, na jinsi ilivyowafikisha walowezi wa Amerika kwenye mapinduzi

Kodi bila uwakilishi ni kutozwa kodi na bunge ambalo huna mbunge wako ndani yake. Hilo ndilo lililokuwa lalamiko kuu la walowezi wa makoloni 13 ya Uingereza huko Amerika Kaskazini kuanzia 1764. Wengi hudhani waliasi kwa sababu kodi ilikuwa kubwa mno. Sivyo. Walilipa kidogo kuliko Waingereza wa nyumbani. Kilichowachoma ni swali la nani ana haki ya kuwatoza.

Uingereza ilitoka kwenye Vita vya Miaka Saba mwaka 1763 ikiwa na ushindi dhidi ya Ufaransa, na deni lililokaribia kuwa maradufu. Kuwataka walowezi wachangie gharama za ulinzi wao halikuwa jambo la kipuuzi. Ila kwa miaka mingi kodi za ndani zilikuwa zikipangwa na mabaraza yao wenyewe, na sasa London iliyaruka.

Sheria ya Stempu ya 1765 ndiyo iliyowasha moto. Kuanzia Novemba 1, wosia, hati ya ardhi, leseni na gazeti vyote vilipaswa kuwa kwenye karatasi yenye muhuri uliolipiwa. Pakiti ya karata ilitozwa shilingi 1, jozi ya dadu shilingi 10, na malipo yalitakiwa kwa fedha ya Kiingereza, ambayo ilikuwa adimu huko. Tena sheria hiyo iliwagusa wanasheria na wachapaji magazeti, watu wenye sauti kuliko wote. Huko Boston, katika koloni la Massachusetts, mwezi Agosti, sanamu ya Andrew Oliver, aliyeteuliwa kusambaza stempu, ilitundikwa mtini. Umati ukabomoa jengo lililodhaniwa kuwa ofisi yake, naye akajiuzulu. Hadi sheria inaanza kutumika, karibu kila msambazaji alikuwa amejitoa.

Watetezi wa serikali walijibu kwamba kila mbunge huwakilisha raia wote wa mfalme, hata wasiopiga kura. Mbona Manchester nayo haikuwa na mbunge? Jibu la walowezi lilikuwa zito, na kwangu mimi ndilo kiini cha dhana hii: mbunge anayeitoza Manchester anajitoza na mwenyewe, lakini anayeitoza Boston hagusi mfuko wake hata kidogo. Kadiri anavyoibana Boston, ndivyo mzigo wake unavyopungua.

Stempu zilifutwa 1766, lakini papo hapo Bunge likapitisha sheria ya kutangaza kwamba lina mamlaka ya kuyatungia makoloni sheria katika jambo lolote lile. Mwaka 1767 ukaja ushuru wa kioo, madini ya risasi, rangi, karatasi na chai. Walowezi wakasusia bidhaa za Uingereza, na 1770 ushuru huo ukaondolewa, isipokuwa wa chai. Huo ulibakizwa kwa makusudi, ili haki ya kutoza isionekane imeachwa.

Ndiyo maana chai ya 1773 ilizua balaa ingawa bei yake ilikuwa imeshuka. Kuinunua kulikuwa sawa na kukiri kwamba Bunge lina haki hiyo. Usiku wa Desemba 16, makasha 342 yakamwagwa bandarini Boston. London ikaifunga bandari na kulipunguzia koloni la Massachusetts madaraka ya kujitawala. Makoloni mengine yakaona yanayoweza kuwapata, na Aprili 1775 risasi zikalia Lexington, mji wa Massachusetts, vita vikaanza.

Neno uwakilishi, hata hivyo, halikumhusu kila mtu. Takriban mmoja kati ya wakazi watano wa makoloni hayo alikuwa mtumwa, Mwafrika au mzao wa Waafrika. Mwaka 1773 na 1774 watumwa wa Massachusetts walipeleka maombi kwa wakuu wa koloni wakidai uhuru wao kama haki ya asili, hoja zile zile ambazo mabwana wao walikuwa wakiitupia London. Hawakupewa.