Kanuni na mkasi: jinsi Hollywood ilivyowaonyesha watu wa jamii za wachache

Mtazamaji wa filamu za zamani za Hollywood anapokutana na Mchina anayeigizwa na Mzungu aliyebadilishwa macho kwa vipodozi, au na mwanamke Mweusi asiyetoka jikoni tangu mwanzo hadi mwisho wa hadithi, huwa mwepesi wa kumlaumu mwongozaji. Lawama hiyo ni ya haki, lakini haitoshi, kwa sababu kwa miongo kadhaa taswira hizo zililindwa na kanuni zilizoandikwa na kusimamiwa na ofisi maalumu, na pia na hesabu za mapato.

Mwaka 1930 kampuni kubwa za filamu zilipitisha kanuni zilizojulikana kwa jina la Will Hays, mkuu wa chama chao, na kuanzia 1934 ofisi ya Joseph Breen ikapewa meno ya kuzisimamia. Filamu isiyo na cheti cha ofisi hiyo haikuonyeshwa katika majumba ya sinema ya kampuni hizo, ambayo ndiyo yaliyoingiza fedha nyingi. Kanuni zilikataza kuonyesha mahusiano ya kimapenzi kati ya Mzungu na Mweusi. Kivitendo, katazo hilo liliwabana pia watu wa asili ya Asia.

Aliyeumizwa wazi zaidi na katazo hilo ni Anna May Wong, mzaliwa wa Los Angeles mwenye asili ya Kichina, aliyekuwa nyota tangu enzi za filamu zisizo na sauti. Kampuni ya MGM ilipoandaa The Good Earth, iliyotoka mwaka 1937 na inayohusu wakulima wa China, nafasi ya mume alipewa Paul Muni, ambaye ni Mzungu. Kwa kuwa mume alikuwa Mzungu aliyepakwa vipodozi, mke naye hakuweza kuwa Mchina halisi, ijapokuwa katika hadithi wote wawili ni Wachina. Yaani kilichochunguzwa kilikuwa damu ya mwigizaji, si ya mhusika. Nafasi hiyo alipewa Luise Rainer, mzaliwa wa Ujerumani, naye akashinda Oscar kwa kuiigiza. Wong alitakiwa kujaribiwa kwa nafasi ya Lotus, suria anayeivuruga familia hiyo. Alikataa, na mwaka 1936 akasafiri kwenda China.

Kwa Wamarekani Weusi, shinikizo kubwa lilitoka kwenye soko la majimbo ya Kusini. Nyimbo za mwimbaji Mweusi Lena Horne ziliwekwa katika filamu za MGM kwa namna ambayo zingeweza kukatwa bila hadithi kuharibika, ili wenye majumba ya sinema huko wasilalamike. Hattie McDaniel, ambaye mara nyingi alipewa nafasi za mjakazi, hakuhudhuria uzinduzi wa filamu yake Gone with the Wind mjini Atlanta mwaka 1939 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa jimbo la Georgia; miezi michache baadaye, usiku aliotunukiwa Oscar, alikaa kwenye meza ya pembeni, mbali na waigizaji wenzake. Waliotaka kusimulia maisha ya Weusi kwa upana zaidi, kama mwongozaji Mweusi Oscar Micheaux, ilibidi wafanye kazi nje ya Hollywood.

Wenyeji wa asili wa Marekani nao walionekana kwa wingi, lakini karibu kila mara kama kundi linalovamia: katika filamu ya Stagecoach ya 1939, Wanavajo ndio walioigiza Waapache, na hakuna aliyeona haja ya kuwatofautisha.

Katazo la mapenzi ya rangi tofauti liliondolewa mwaka 1956, na kanuni zote zikaachwa mwaka 1968, lakini mazoea hayakufuata kalenda. Mwaka 1961 mwigizaji Mzungu Mickey Rooney bado alimwigiza Mjapani kwa meno bandia, na ilifika 2023 ndipo Michelle Yeoh akawa mtu wa kwanza anayejitambulisha kuwa Mwasia kushinda Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Hata hivyo, tuzo peke yake ni kipimo chenye walakini: Lupita Nyong'o, aliyelelewa Kenya, aliipata yake, ya mwigizaji msaidizi bora wa kike, mwaka 2014 kwa kumwigiza mtumwa, kazi ya hali ya juu kabisa, ila katika aina ya nafasi ambayo Hollywood haijawahi kusita kumpa mwanamke Mweusi.