Tui Haliongezeki kwa Maji: Dhana Potofu Kuhusu Pleya za Muziki

Jumamosi iliyopita mzee mmoja alinirudishia pleya aliyoinunua kwangu wiki mbili kabla. Nilimwamkia, akaitikia, akaiweka ile pleya juu ya kaunta taratibu. "Mwanangu, hiki kifaa hakifai," akasema. "Nyimbo zangu zote nimezipandisha zikawa FLAC, nimelipa pesa yangu, na bado matoazi yanalia kama mchanga unaomwagwa juu ya bati."

Alikuwa mtu wa nne mwezi huu kuniletea lalamiko hilohilo. Nauza na kutengeneza vifaa vya sauti Kariakoo, na mwaka hadi mwaka nasikia mambo yaleyale yakirudiwa kwa uhakika kabisa, mengine yakitoka kwa wauzaji wenzangu. Nimeona niyaandike. Nitaanza na hilo la mzee, kwa sababu ndilo linalowatoa watu pesa bure kuliko yote.

"Ukiipandisha faili iwe 320 au FLAC, muziki unakuwa safi"

Hausafiki. Hata kidogo. FLAC ni aina ya faili isiyotupa chochote; MP3 hutupa sehemu ya sauti ili faili iwe ndogo, na namba kama 320 au 128 ni kilobiti inazotumia kila sekunde.

Wimbo ulio kwenye CD hubebwa kwa sampuli, yaani vipimo vidogo vya sauti, 44,100 kila sekunde, kila sampuli ina biti 16, na chaneli ni 2. Zidisha, utapata kilobiti 1,411 kwa sekunde. MP3 ya 128 inabeba sehemu moja tu kati ya kumi na moja za mzigo huo. Zile kumi nyingine zimeachwa. Hazikuachwa ovyo: waliobuni MP3 walilichunguza sikio la binadamu, wakaona kwamba sauti kubwa huifunika ndogo iliyo karibu nayo. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, ule msuguano mdogo wa kayamba wa wakati huohuo husikii, basi programu inautupa. Kwenye 320 kinachotupwa ni kile ambacho karibu kila mtu hawezi kukitambua. Kwenye 128 kisu kinaanza kugusa nyama. Wa kwanza kuumia ni matoazi, manyanga na kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab, kwa sababu uzuri wa sauti hizo uko kwenye ule mguso wa ghafla wa mwanzo, na mguso huo ndio unaotanuka na kupoteza makali. Ndio ule mchanga juu ya bati.

Sasa, kilichotupwa kimetupwa. Hakikufichwa mahali ndani ya faili kikisubiri programu nyingine ije ikiamshe. Kila aliyewahi kukuna nazi anajua: tui la kwanza ni zito, la pili ni jepesi. Ukilichukua lile la pili ukalimiminia maji hadi sufuria ijae, umepata sufuria iliyojaa, nazi haikuongezeka. Kuigeuza MP3 ya 128 kuwa FLAC ndiko huko. FLAC ni chombo kizuri, hakipotezi chochote kati ya vile ulivyokitia. Ukikitia tui jepesi, kitakutunzia tui jepesi kwa uaminifu mkubwa. Na kuigeuza kuwa MP3 ya 320 ni vibaya zaidi, kwa sababu hapo programu inakamua tena: inafanya hesabu zake upya na kutupa vingine juu ya vile vilivyokwisha kutupwa.

Nilimwonyesha mzee kwa macho. Kuna programu ya bure inaitwa Spek. Unaipa faili, inakuchorea masafa yote ya sauti, ya chini yakiwa chini na ya juu yakiwa juu. MP3 za 128 kwa kawaida hukatwa karibu na kilohezi 16. Nikafungua moja ya hizo "FLAC" zake, wimbo wa bendi ya kisasa ambao kwenye CD masafa yake yanapanda mpaka juu kabisa: palepale kwenye 16 umekatika mstari mmoja ulionyooka, kama uwanja uliofyekwa. Wimbo wa dakika nne uliokuwa na MB 4 ulikuwa sasa na MB 25 hivi. Kadi imejaa, betri inafanya kazi ya kusoma faili nene, na ndani yake hakuna noti moja iliyoongezeka. Alikaa kimya muda mrefu akiitazama ile picha. Niliona uchungu, kwa sababu alikuwa amelipia kwa kila wimbo.

Halafu nikamuuliza hizo MP3 zenyewe zilitoka wapi. Kibandani, wanakojaza nyimbo kwenye kadi. Kijana wa kibandani anazitoa wapi? YouTube, kupitia tovuti zinazoahidi "320, ubora wa juu". Hapa naomba msikilize vizuri. Sauti ambayo YouTube inawapa watazamaji wa kawaida ni AAC ya takriban 128, au Opus ya takriban 160, aina nyingine za faili zinazokamua sauti kama MP3. Hiyo 320 haipo pale. Tovuti inachukua sauti iliyokwisha kukamuliwa mara moja, inaigeuza kuwa MP3 na kuandika 320 juu yake. Ukiipeleka tena ikapandishwe FLAC, unalipia kukamuliwa kwa machicha.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza ninunue pleya gani, mimi namuuliza kwanza: nyimbo zako zinatoka wapi? Wengine hukasirika wakidhani nakwepa kuuza. Sikwepi. Pleya ya shilingi laki moja yenye faili nzuri itaishinda ya milioni yenye faili za kibandani, kila siku ya wiki.

Kama unazo CD, zinakili mwenyewe kwenye kompyuta kwa programu ya Exact Audio Copy, weka nakala moja ya FLAC ya kutunza, na kutokana na hiyo tengeneza MP3 za 256 au 320 za kutembea nazo. Ukamuaji uwe mmoja tu. Kama unanunua mtandaoni, zipo sehemu kama Bandcamp ambako unampa msanii pesa na unashusha FLAC halisi. Na ukilazimika kuichukua sauti ya YouTube, ichukue ile AAC au Opus kama ilivyo, bila kuigeuza, ilimradi pleya yako inaisoma. Hilo ni jambo la kuuliza dukani kabla hujatoa pesa.

Mzee, ilivyotokea, alikuwa na kaseti zake nyumbani, dansi aliyoirekodi mwenyewe redioni enzi za Redio Tanzania Dar es Salaam, zimehifadhiwa ndani ya kopo la biskuti. Zile ndizo nazi yake. Tumeanza kuzirekodi moja kwa moja kutoka kwenye deki kuingia kwenye kompyuta, faili za WAV, zisizokamuliwa, za biti 16, kisha zinageuzwa mara moja tu. Na hapa nina jambo ninaloliamini sana ambalo wenzangu hawalizingatii: rekodi nyingi za dansi za zamani ni za mono, yaani chaneli moja. Mono ihifadhiwe kama mono. MP3 ya 128 yenye chaneli moja inaipa chaneli hiyo biti zote, karibu sawa na 256 ya stereo. Unapata sauti nzuri ndani ya nusu ya nafasi.

"192 ni bora kuliko 44, namba kubwa ndiyo sauti nzuri"

Hili linatoka kwenye maboksi. Sampuli 44,100 kwa sekunde zinatosha kubeba masafa mpaka kilohezi 22.05. Sikio la kijana mwenye afya linaishia karibu na 20, na kadiri umri unavyosonga ndivyo kikomo kinavyoshuka. Biti 24 na sampuli 192,000 zina kazi studio, ambako sauti inakatwa, inachanganywa na kupandishwa mara nyingi. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay mwaka 1928. Nimeletewa nakala za santuri za aina hiyo zikiwa na 192 na biti 24, faili kubwa kupita kiasi, wakati mashine za miaka ile hazikunasa hata nusu ya masafa ambayo CD inaweza kubeba.

Ukitaka kuipima pleya, achana na namba. Njoo dukani na hedifoni zako mwenyewe, cheza wimbo mtulivu, usikilize ule ukimya kabla mwimbaji hajaanza. Kama kuna "shhh" inayosikika, hiyo ndiyo kelele ya kikuza sauti chake na utaishi nayo. Muuzaji akikukatalia kujaribu, ondoka.

"MP4 ni toleo jipya la MP3, na MP5 ndiyo ya kisasa zaidi"

Namba hizi hazifuatani kama madarasa. MP3 ni kifupi cha tabaka la tatu la sauti katika kiwango cha MPEG-1. MP4 ni aina ya faili kutoka familia ya MPEG-4, chombo kinachoweza kubeba video, sauti, hata maandishi. MP5 haipo kabisa kama kiwango. Ni namba ya wauzaji, na imeenea mpaka kwenye redio za magari. Ukiambiwa kifaa ni MP5, uliza kinasoma faili gani, mojamoja: MP3, AAC, Opus, FLAC.

"Kadi kubwa ndiyo pleya nzuri"

Pleya nyingi za bei nafuu zinasoma kadi za mfumo wa FAT32 tu, na kikomo kinachoandikwa kwenye maboksi yake ni GB 32. Kadi zinazozidi hapo huja na mfumo wa exFAT, na pleya inakaa kimya kama vile imekufa. Wateja huileta kwangu kama mbovu. Si mbovu.

Na zile kadi za TB 1 zinazouzwa kwa bei ya kilo chache za mchele ni wizi. Kinachofanyika ni kwamba kichipu cha ndani kimepangwa kudanganya ukubwa. Unaandika nyimbo, kompyuta inakubali zote, lakini ukishavuka ukubwa halisi, zinazofuata zinapotea au zinaandikwa juu ya zile za mwanzo. Nimemwona dada mmoja akipoteza kasida za marehemu baba yake kwa namna hii. Kabla ya kuweka kitu unachokipenda kwenye kadi mpya, ijaze mpaka mwisho na uisome tena kwa programu ya H2testw, au F3 kama unatumia Linux. Inachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi, wewe nenda kalale.

"Nyimbo nilizoshusha Spotify nitazihamishia kwenye pleya"

Hutaweza. Zile zimefungwa kwa ufunguo wa programu yenyewe na hazichezi nje yake. Ukizitaka hizo, unahitaji pleya inayotumia Android na kuruhusu programu hiyo kuwekwa, na hapo jiulize kama simu yako haitoshi.

"Pleya yenye sauti kubwa ndiyo yenye nguvu"

Mtu akipanda daladala anaongeza sauti ili aushinde mngurumo wa injini, kisha anahukumu pleya kwa hilo. Tatizo liko kwenye vipira vya masikioni visivyoziba. Vingi huja na saizi tatu kwenye pakiti na watu hawajawahi kuvibadilisha. Badilisha, besi itarudi na utapunguza sauti mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Ukifika 90, muda unashuka mpaka takriban saa 4 kwa wiki nzima. Saa nne zinaisha kwa safari za Mbagala za siku mbili tatu. Usikivu ukipotea kwa njia hii haurudi, na hakuna fundi atakayekutengenezea.

Nguvu ya kweli inahitajika kwa hedifoni za studio, kwa mfano Sennheiser HD 600 zenye ukinzani wa ohmu 300. Spika za masikioni za kawaida ni ohmu 16 mpaka 32. Pleya yoyote inaziendesha.

"Chaji saa nane kabla ya kuiwasha mara ya kwanza"

Ushauri huo ulikuwa wa betri za nikeli. Betri za lithiamu za pleya za leo hazihitaji hilo: washa, tumia, chaji unapopata umeme. Kinachoziua ni joto, kwa mfano kuachwa ndani ya gari juani, na kukaa tupu kwa muda mrefu. Ndiyo maana pleya iliyokaa kabatini miaka miwili bila chaji inaweza kuwa imekwisha ikiwa bado kwenye nailoni yake. Unapofungua boksi, pitisha kidole mgongoni mwa kifaa. Kama kimetuna hata kidogo, mwombe muuzaji akubadilishie kingine.