Bustani ya mlangoni: mvua ya Machi inapofika Kisumu

Ukisafiri kutoka Kisumu kwenda Busia, utaukuta mstari wa ikweta pale Maseno, umewekewa alama kando ya barabara. Mstari huo ndio sababu ya sisi kukosa majira ya machipuko. Uholanzi au Uingereza, mtu hukaa miezi ya baridi akitazama miti isiyo na jani, kisha Machi mchana unaanza kurefuka na kila kitu kinachipuka kwa mkupuo. Kwetu mchana una urefu wa kama saa 12 Januari, na kama saa 12 Juni. Kinachotuamsha ni mvua ndefu, ile ya Machi hadi Mei ambayo Waluo huiita chwiri. Na mara nyingi pua huijua kabla ya jicho.

Harufu ile ya udongo mkavu ukipigwa na matone ya kwanza ina mwenyewe. Bakteria wa udongoni, hasa wa jamii ya Streptomyces, hutengeneza kemikali iitwayo jiosmini, na tone likianguka huirusha hewani. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa sehemu chache tu katika trilioni. Harufu hiyo ikishapita mtaani, simu za sisi maafisa wa ugani, washauri wa wakulima, huanza kulia.

Swali huwa lile lile: nikipanda, nitavuna kiasi gani? Naelewa. Sukuma imepanda bei, na anayeuliza ana watoto. Lakini katika kuzunguka Migosi, Manyatta, Nyalenda na Mamboleo nimeona bustani nyingi zikifa, na chache tu ziliuawa na wadudu. Nyingi ziliuawa na umbali. Mtu alilima nyuma ya bafu, au kwenye kipande cha shemeji yake huko Riat, akaenda wiki mbili, ya tatu akachoka. Bustani inayodumu ni ile unayoiona ukifungua mlango asubuhi, mswaki ukiwa mdomoni.

Nasema hivyo kwa kuwa nami nilikosea, tena nikiwa na cheti cha kilimo ukutani. Mwaka wangu wa kwanza katika nyumba ya kukodi nilijaza udongo magunia 10 ya kupandia mboga, nikayapanga upande wa pili wa ploti kwa kuwa huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Kufikia Mei nilikuwa nahudumia 3. Mengine yalikuwa mali ya kuku wa jirani. Siku hizi nina magunia 2 na beseni moja lililopasuka, hatua nne kutoka mlangoni, na hata nikirudi usiku huwa nayapitia kwa tochi ya simu. Si kwamba kuna la kufanya usiku. Ni kutazama tu.

Huko kutazama si upuuzi. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha ulinganisho wa wagonjwa 46 wa hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani, waliokuwa wametolewa mfuko wa nyongo. Nusu yao dirisha lilitazama miti, nusu lilitazama ukuta wa matofali. Wa miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa chache kali za maumivu. Mwaka 2011, Uholanzi, watafiti waliwapa wakulima 30 wa bustani ndogo kazi ya kuchosha akili, kisha wakawagawa: wengine walime bustanini dakika 30, wengine wasome ndani. Kiwango cha kotisoli, homoni ya msongo, kilishuka kwa wote, ila kilishuka zaidi kwa waliolima, na furaha yao ikarudi. Nitasema pia lile ambalo wapenda bustani hupenda kuliruka: watu hao 30 tayari walikuwa wapenzi wa bustani. Anayechukia matope asitarajie muujiza. Na aliyezama katika huzuni isiyoondoka wiki baada ya wiki aende kituo cha afya. Bustani itamsindikiza, haitamtibu peke yake.

Sasa udongo. Sehemu kubwa ya mji wetu na uwanda wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi: jua likiwaka unapasuka nyufa za kumeza kidole, mvua ikinyesha unakuvua viatu. Usiujaze guniani ulivyo. Changanya karai 2 za udongo na karai 1 ya samadi iliyoiva, uongeze mchanga kiasi mpaka ukiufumbata mkononi usikae kama donge. Samadi mbichi, hasa ya kuku, huunguza miche. Ikiwa bado ina joto au inanuka mkojo, iache ikae. Katikati ya gunia simamisha kopo refu lililotolewa kitako, ulijaze kokoto, mwaga udongo kuzunguka, kisha vuta kopo juu na urudie hadi gunia lijae. Nguzo hiyo ya mawe ndiyo njia ya maji kufika chini. Bila yake, mimea ya juu hulewa na ya pembeni hukauka.

Matandazo, yaani ya kufunika udongo, yapo bure. Nyasi kavu zatosha. Gugu maji tunalolilaani ziwani, likianikwa hadi likauke kabisa, hufanya kazi nzuri pia, ila usilitoe karibu na mifereji ya taka za mji, kwani gugu hilo hufyonza metali nzito.

Cha kupanda, mimi nina upendeleo na siuombei radhi. Anza na mboga za kienyeji kabla ya sukuma wiki. Mchicha, yaani terere au ododo, unachuma baada ya wiki 3 au 4, na mtu anayeanza anahitaji ushindi wa haraka. Kunde, ambazo Waluo huita boo, huchomoza siku ya nne au ya tano. Mpe mtoto mbegu tatu azifukie mwenyewe, uone atakavyoamka mapema kuliko siku ya shule. Mnavu, huo tunaouitisha sokoni kama managu au osuga, pamoja na saga, ambayo kwa Kiluo ni dek, huwa tayari kwa wiki 5 au 6. Mrenda hauulizi maswali, humea tu. Mboga hizi zilikuwa zikidharauliwa kama chakula cha maskini, na heshima zinayopewa leo inatokana kwa sehemu kubwa na kazi ya Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Maseno kabla ya kuhamia Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta na ambaye amezitafiti kwa miongo kadhaa.

Kuchuma kuna adabu yake. Using'oe. Kata ncha ya mnavu kiasi cha shubiri moja kutoka chini, utatoa matawi mengi ya pembeni. Saga ikianza kutoa maua, yavunje, majani yataendelea. Mazungumzo ya ploti yetu Jumamosi huwa hivi:

"Mama Otieno, mrenda wako umenona. Nichumie wa leo tu."

"Chuma, lakini kata juu! Juzi uliniachia mizizi mkononi."

Ploti hiyo ina vyumba 12, na kabla ya magunia watu walikuwa wakisalimiana kwa kuitana tu kwenye mfereji wa maji. Sasa wanadaiana miche. Mzee mmoja mstaafu, ambaye magoti yake hayamruhusu kuinama, gunia limemfaa kuliko shamba kwa kuwa linamfika kiunoni. Hupalilia amesimama, au ameketi kwenye stuli. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na kuchota, kubeba karai na kupalilia ni mwendo. Linashauri pia gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Gunia 2 hazitafikisha familia hapo, nisiwadanganye, lakini mboga iliyo mlangoni huliwa siku ambayo mfuko hauna kitu.

Nina maonyo machache, na ninayasema kwa ukali. Usimwagilie kwa maji ya mtaro hata siku moja. Mboga za majani hubeba uchafu huo hadi mdomoni. Usipande kwenye mitungi iliyowahi kuwekwa dawa za mifugo au rangi. Ndoo za maji zifunikwe na makopo yasiachwe na maji yaliyotuama, maana huku kwetu kando ya ziwa malaria haipumziki. Ukijikata ukiwa na udongo mikononi, osha kwa sabuni na maji tele, na uulize hospitalini kuhusu chanjo ya pepopunda ikiwa umeshasahau mara ya mwisho uliichomwa lini. Watoto wafundishwe kwamba tunda bichi la mnavu, lile la kijani, lina sumu.

Wadudu waje, watakuja. Vidukari kwenye kunde huondoka kwa vidole, au kwa maji yenye sabuni kidogo ukinyunyiza jioni chini ya jani. Konokono waokote usiku. Hapo ndipo ile tochi ya simu hupata kazi.

Ifikapo Juni mvua inapolegea, jizuie. Acha mashina mawili ya mnavu na moja la saga bila kuchuma, yachanue na kuzaa. Matunda ya mnavu yakishakuwa meusi kabisa, yaponde ndani ya maji, mwaga maganda, anika mbegu kivulini juu ya gazeti, kisha zifunge kwenye karatasi na uandike tarehe. Opon, mvua fupi, zitazikuta kabatini.