Je, wajua kwa nini mkataba wa gesi ulimpeleka Yulia Tymoshenko gerezani?

Oktoba 11, 2011, mahakama ya wilaya ya Pechersk jijini Kyiv ilimhukumu Yulia Tymoshenko kifungo cha miaka saba. Huyu alikuwa waziri mkuu wa Ukraine hadi Machi 2010. Ukiipekua hukumu hiyo kutafuta mahali alipotia fedha mfukoni, hupaoni, kwa sababu hakushtakiwa kwa wizi wala rushwa. Alishtakiwa kwa mkataba wa kununua gesi kutoka Urusi. Vladimir Putin, ambaye ndiye aliyekubaliana naye kuhusu mkataba huo, aliposikia adhabu alisema haelewi kwa nini mama huyo amepewa miaka saba.

Kulielewa jambo hili kunataka kwanza kuijua gesi yenyewe. Wengi wetu tunaponunua gesi tunanunua mtungi. Ukraine gesi huja kwa bomba mpaka jikoni, ndiyo inayopasha joto majengo wakati wa theluji, na viwanda vya chuma na mbolea haviendi bila hiyo. Miaka ya 1990 na 2000 sehemu kubwa ya gesi hiyo ilitoka Urusi, au Turkmenistan kwa kupitia Urusi. Kwa upande mwingine, karibu asilimia 80 ya gesi ambayo Urusi iliuzia Ulaya ilipita katika mabomba ya Ukraine. Kwa hiyo Moscow ilikuwa na bidhaa na Kyiv ilikuwa na njia. Katikati yao walijipenyeza madalali, na udalali huo uliwatajirisha watu kwa kasi ambayo biashara nyingine yoyote nchini humo haikuifikia.

Tymoshenko alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Novemba 27, 1960 katika jiji la Dnipropetrovsk, ambalo sasa linaitwa Dnipro. Baba aliondoka nyumbani binti akiwa bado mdogo, akalelewa na mama aliyefanya kazi katika ofisi ya teksi. Mwaka 1979 aliolewa na Oleksandr Tymoshenko, mtoto wa ofisa wa Chama cha Kikomunisti wa hapo hapo mjini, na mwaka uliofuata wakapata binti. Alisomea uchumi, akaajiriwa kiwandani. Umoja wa Kisovieti ulipoanza kulegeza masharti ya biashara binafsi, yeye na mumewe wakafungua mradi wa kukodisha kanda za video. Baadaye wakahamia kwenye mafuta, na mwaka 1995 akawa mkuu wa kampuni ya United Energy Systems of Ukraine, iliyokuwa ikiingiza gesi ya Urusi kwa jumla.

Biashara hiyo ilikuwa ya ajabu kidogo. Viwanda vya Ukraine havikuwa na fedha taslimu, hivyo vililipa gesi kwa bidhaa zao. Kampuni ya Tymoshenko ilichukua bidhaa hizo, ikatafuta wanunuzi, kisha ikalipana na Warusi. Anayepanga bei katika kila hatua ya mabadilishano ya namna hiyo hakosi faida, na ni vigumu sana kwa mtu wa nje kumkagua. Magazeti yakambandika jina la “binti mfalme wa gesi”. Kinga yake serikalini ilikuwa Pavlo Lazarenko, mwanasiasa wa kwao Dnipropetrovsk, waziri mkuu kuanzia 1996 hadi 1997. Lazarenko alikuja kukimbilia Marekani, akatiwa hatiani huko mwaka 2004 kwa makosa yakiwemo ya kutakatisha fedha, na akafungwa. Tymoshenko mwenyewe hakuwahi kutiwa hatiani kwa mambo ya enzi hiyo, lakini doa hilo halikufutika. Wasiompenda hulitaja mpaka leo, na si bila sababu: mtu aliyenufaika na mfumo ule hawezi kusema alikuwa mpita njia.

Aliingia bungeni kwa uchaguzi mdogo wa Desemba 1996. Mwaka 1999 akaanzisha chama chake, Batkivshchyna, na mwishoni mwa mwaka huo huo akapewa unaibu waziri mkuu wa nishati katika serikali ya waziri mkuu Viktor Yushchenko. Hapa ndipo wanaomwona kama fisadi wa kawaida wanapokwama. Aliyekuwa dalali sasa alizijua njia zote za panya, akaanza kuziziba. Alilazimisha umeme na gesi vilipwe kwa fedha taslimu, biashara ya kubadilishana bidhaa ikabanwa, mapato ya serikali yakapanda. Matajiri walioishi kwa mfumo wa zamani walikasirika. Mumewe alikamatwa Agosti 2000. Rais Leonid Kuchma akamfukuza kazi Tymoshenko Januari 2001, na mwezi uliofuata akawekwa mahabusu kwa tuhuma za magendo ya gesi. Alikaa ndani siku 42 kabla mahakama haijamwachia.

Aliingia rumande akiwa tajiri aliyegeuka waziri, akatoka akiwa kiongozi wa upinzani. Muda si mrefu akaanza kusuka nywele na kuzizungusha kichwani mithili ya taji, kama wanawake wa vijijini wa Ukraine ya zamani. Mtu aliyekulia kwenye Kirusi sasa akahutubia kwa Kiukraine. Wapo waliosema ni maigizo. Huenda, lakini wanasiasa wote huvaa kwa ajili ya jukwaa, tena wake ulikuwa mtindo uliotambulika hata na asiyejua Kyiv iko wapi.

Mwaka 2004 uchaguzi wa rais ulichakachuliwa kumpa ushindi Viktor Yanukovych, waziri mkuu wa wakati huo. Watu wakajaa uwanja wa Maidan jijini Kyiv wakiwa na vitambaa vya rangi ya chungwa, Yushchenko na Tymoshenko wakiwa vinara. Uchaguzi ukarudiwa, Yushchenko akashinda, Tymoshenko akawa waziri mkuu mapema 2005. Fahali wawili hawakai zizi moja: ilipofika Septemba rais alikwishamfukuza. Alirudi kwenye kiti hicho Desemba 2007 kwa kura 226, idadi ile ile ya chini inayohitajika bungeni, na ugomvi wake na rais ukaanza upya.

Ndipo ikaja Januari 2009. Ukraine na Urusi zilishindwa kuelewana kuhusu madeni na bei mpya, na siku ya mwaka mpya Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali ya Urusi, ikaikatia Ukraine. Januari 7 hata gesi inayopita kwenda Ulaya ikasimama kabisa. Ilikuwa katikati ya baridi kali, na nchi kama Bulgaria na Slovakia, zilizotegemea bomba hilo, zilitetemeka kweli. Viongozi wa Ulaya wakapiga simu Moscow na Kyiv usiku na mchana.

Tymoshenko alikwenda Moscow kuzungumza na Putin, wakati huo naye akiwa waziri mkuu. Januari 19 wakuu wa Gazprom na Naftogaz, kampuni ya taifa ya Ukraine, wakatia saini mkataba wa hadi mwisho wa 2019 mbele yao wawili, na gesi ikaanza kupita tena. Bei ya msingi iliwekwa dola 450 kwa kila meta za ujazo elfu moja, ikifuata bei ya bidhaa za mafuta, na kwa mwaka 2009 Ukraine ikapewa punguzo la asilimia 20. Kulikuwa na sharti jingine zito zaidi: kuanzia 2010, kila mwaka Ukraine ilitakiwa kununua meta za ujazo bilioni 52, na asilimia 80 ya kiasi hicho ilipwe hata kama haikutumika. Kwa nchi ambayo viwanda vyake vilikuwa vimeanza kuyumba kwa msukosuko wa uchumi wa dunia, lilikuwa jiwe shingoni.

Alichopata yeye ni kuondolewa kwa dalali. Kampuni iliyoitwa RosUkrEnergo, nusu mali ya Gazprom na nusu ya wafanyabiashara wa Ukraine wakiongozwa na Dmytro Firtash, ilikuwa ikisimama katikati ya biashara yote. Mkataba mpya uliitupa nje. Firtash alikuwa karibu na kambi ya Yanukovych. Hapo sasa msomaji ataanza kuona adui alitoka wapi.

Februari 2010 Yanukovych alimshinda Tymoshenko kwenye duru ya pili ya uchaguzi wa rais, kwa asilimia 48.95 dhidi ya 45.47. Mwezi uliofuata bunge likamng’oa uwaziri mkuu. Kesi ikafuata mwaka 2011. Waendesha mashtaka walitumia kifungu cha 365 cha sheria ya jinai, kinachohusu kiongozi kuvuka mipaka ya madaraka yake. Hoja yao ni kwamba Tymoshenko aliipa Naftogaz maagizo ya kusaini kana kwamba yametoka baraza la mawaziri, ilhali baraza halikuyaridhia, na Naftogaz ikapata hasara ya zaidi ya hryvnia (fedha ya Ukraine) bilioni 1.5. Yeye alijibu kwamba waziri mkuu ana haki ya kuamua, na kwamba Ulaya nzima ilikuwa ikisubiri gesi.

Kwa mtazamo wangu, mkataba ulikuwa mbaya. Lakini mkataba mbaya ni jambo la wapiga kura, na wapiga kura walikwishamwondoa. Kumfunga mtu aliyekuwa nyuma yako kwa pungufu ya asilimia nne katika uchaguzi, kwa uamuzi wa kiserikali, ni jambo la namna nyingine.

Mwenendo wa kesi nao haukusaidia. Tymoshenko alikataa kusimama mbele ya hakimu, akimkejeli waziwazi, na Agosti 5 hakimu akaamuru awekwe rumande kwa kuidharau mahakama. Yushchenko, mwenzake wa Maidan, alifika kutoa ushahidi dhidi yake. Aprili 2013 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilisema kumweka rumande kulikuwa kinyume cha sheria na kulifanyika kwa sababu nyingine zisizo za kisheria. Uamuzi huo haukugusa hukumu ya miaka saba yenyewe. Serikali ya Yanukovych ilijaribu kujisafisha kwa kuajiri kampuni ya mawakili ya Marekani, Skadden, iandike ripoti kuhusu kesi hiyo. Mpango huo ulimhusisha Paul Manafort, yule yule aliyekuja kuongoza kampeni ya Donald Trump, na mwaka 2019 Skadden ikakubali kulipa serikali ya Marekani zaidi ya dola milioni 4.6 kwa kutojisajili kama wakala wa serikali ya kigeni.

Akiwa gereza la Kharkiv, mgongo ulimsumbua mpaka madaktari wakaletwa kutoka Ujerumani. Umoja wa Ulaya ukaifanya hatima yake kuwa sehemu ya mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano na Ukraine. Novemba 2013 Yanukovych aliuweka kando mkataba huo, watu wakarudi Maidan, na damu ikamwagika. Februari 21, 2014 bunge lilibadili sheria kuhusu kifungu kile cha 365. Kesho yake Yanukovych akawa ameshakimbia Kyiv, na Tymoshenko akawa huru. Jioni hiyo hiyo alipanda jukwaani Maidan akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Aprili, Mahakama ya Juu ikafuta kesi.

Wengi nje ya Ukraine walidhani sasa atachukua nchi. Katika uchaguzi wa rais wa Mei 2014 alipata asilimia 12.8 tu, Petro Poroshenko akashinda duru ya kwanza. Mwaka 2019 akashika nafasi ya tatu kwa asilimia 13.4. Vijana waliokufa Maidan hawakufa kwa ajili yake, na waliobaki walimwona kama mmoja wa wale wale waliotajirika kwa gesi miaka ya 1990. Chama chake kimeendelea kuwa na viti bungeni.

Mkataba wenyewe uliendelea na kesi zake bila yeye. Mwaka 2014 Naftogaz na Gazprom zilipelekana kwenye usuluhishi jijini Stockholm, ambako mkataba wa 2009 ulitaka migogoro yake ipelekwe. Wasuluhishi walishusha kwa kiasi kikubwa lile sharti la kulipia gesi isiyotumika, na Februari 2018 hesabu ya mwisho ikaitaka Gazprom ilipe dola bilioni 2.56. Desemba 2019, mkataba ukiwa unakaribia kuisha muda wake, Gazprom ililipa pamoja na riba, jumla ikawa kama dola bilioni 2.9.