Taasisi ya hisani inapojifunga: fedha za mwisho huenda wapi?

Dhana: Ikifungwa, imefilisika.
Pwani tumezoea kwamba nyumba ikishawekwa wakfu haiuzwi wala hairithiwi, ndiyo maana habari za kufunga hushtua. Lakini Atlantic Philanthropies, taasisi ya hisani iliyoanzishwa na mfanyabiashara Mmarekani Chuck Feeney mwaka 1982, ilijifunga kwa hiari. Bodi iliamua mwaka 2002, ruzuku ya mwisho ikaidhinishwa Desemba 2016, na Septemba 2020 taasisi ikavunjwa rasmi, ikiwa imetoa takriban dola bilioni 8.

Dhana: Siku ya mwisho huandikwa hundi moja kubwa.
Angalia tarehe hizo: kati ya ruzuku ya mwisho na kuvunjwa ilipita karibu miaka 4. Ruzuku kubwa hulipwa kwa awamu, na hapo ndipo penye hesabu ngumu. Ahadi hutolewa kwa kiasi kamili. Soko la hisa likiporomoka, deni halipungui. Kwa hiyo mtaji huhamishwa mapema kwenda kwenye fedha taslimu na hati fungani (mikopo kwa serikali au kampuni) za muda mfupi, zinazoiva kwa kufuata ratiba ya malipo. Majengo na hisa za kampuni zisizo sokoni ndizo zinazosumbua zaidi. Kuziuza huchukua miaka, na anayesubiri mwaka wa mwisho huziuza kwa bei ya kutupa.

Dhana: Kila senti iliyobaki ni ya ruzuku.
Kufunga kwenyewe kuna gharama: mafao ya wafanyakazi, ukaguzi wa mwisho wa hesabu, wanasheria, bima ya wajumbe wa bodi kwa madai yatakayoibuka baadaye, na utunzaji wa nyaraka (za Atlantic zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Cornell). Wafanyakazi wajuzi nao huanza kutafuta kazi mapema, kwa hiyo hulipwa nyongeza wakikaa hadi tarehe iliyokubaliwa.

Dhana: Salio hurudi kwa familia ya mwanzilishi.
Hapana. Nchini Marekani, njia nyepesi kwa taasisi binafsi (ambayo kwa kawaida hufadhiliwa na mtu au familia moja) ni kuhamishia mali zote kwenye shirika la hisani la umma (ambalo kwa kawaida huchangiwa na wengi) lenye hadhi hiyo kwa angalau miezi 60 mfululizo.

Dhana: Ruzuku ya kuagia ikiwa kubwa, mpokeaji amesalimika.
Mara nyingi ndiyo inayomwangusha. Huajiri watu wa kudumu kwa fedha za muda, na awamu ya mwisho ikiisha mishahara haina pa kutoka. Afadhali sehemu yake iwekwe akiba, na nyingine imlipe mtu wa kutafuta wafadhili wapya tangu mwaka wa kwanza.