Mstari mmoja wa BIND: dosari ya TKEY ya mwaka 2015

Tarehe 28 Julai 2015, ISC, shirika lisilo la faida la Marekani linalotunza BIND, programu ya seva za majina, lilitoa matoleo ya dharura ya programu hiyo. Dawa iliyokuwa ndani yake ilikuwa mstari mmoja: `name = NULL;`. Bila mstari huo, mtu yeyote aliyeweza kuifikia seva yako ya BIND kupitia intaneti angeizima kwa pakiti moja ya UDP, yaani kipande kimoja cha data kinachotumwa bila kwanza kufungua mawasiliano. Hakuhitaji mafuriko ya pakiti wala jeshi la kompyuta zilizotekwa. Dosari ilipewa namba CVE-2015-5477, na aliyeigundua ni Jonathan Foote. Ninapofundisha watu kazi hii napenda kuanza nayo, kwa sababu unaweza kuifuata kwa macho kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa sababu inaleta ubishi ambao wasimamizi wa mifumo hatujaumaliza: programu ikigundua kwamba ndani yake kuna kitu hakiko sawa, ijizime au iendelee?

Kwa asiyeifanya kazi hii: seva ya majina ndiyo inayokubadilishia jina la tovuti kuwa anwani ya namba. Ikifa, tovuti inaweza kuwa hai na barua pepe hai, ila hakuna anayejua pa kuzipata. Mteja atakupigia simu kukwambia intaneti imekata, na kwa upande wake ana haki ya kusema hivyo.

TKEY ni aina ya ombi iliyoelezwa mwaka 2000 katika waraka wa RFC 2930. Inaziwezesha pande mbili kukubaliana juu ya ufunguo wa siri wa kuthibitishia ujumbe. Ofisi zenye Active Directory, mfumo wa Windows wa kusimamia kompyuta na watumiaji, huitumia pale kompyuta zinapojiandikisha zenyewe kwenye seva ya majina. Wengi wetu waliobaki hatuigusi kabisa. Lakini msimbo wake umo ndani ya BIND ya kila mtu, na ombi likifika utaendeshwa tu, uwe unaihitaji huduma hiyo au huihitaji.

Sasa tuingie ndani. Ombi la TKEY likifika, BIND inaitafuta rekodi ya TKEY katika sehemu ya nyongeza ya ujumbe. Isipoiona, inakwenda kuitafuta katika sehemu ya majibu. Kwa nini huko? Mwandishi wa msimbo aliacha maelezo pembeni: ndiko Windows 2000 inakoiweka. Kwa hiyo hatua ya pili iliwekwa kwa ajili ya kuvumilia tabia ya programu ya mtu mwingine. Kazi yetu imejaa ukarimu wa namna hii, na mara nyingi ndimo wavamizi wanamopitia.

Utafutaji wenyewe unafanywa na `dns_message_findname`. Unaikabidhi kielekezi (kigezo kinachoshika anwani ya kitu kwenye kumbukumbu ya kompyuta) kiitwacho `name`, nayo ikiliona jina linalotafutwa inakijaza. Mwanzoni kabisa imeweka sharti: kielekezi kije kitupu. Ni kama mwuza maji wa kioski asiyefungua bomba mpaka aone ndoo yako haina kitu.

Mshambuliaji anatuma ombi la TKEY kwa jina fulani, kisha katika sehemu ya nyongeza anaweka rekodi yenye jina lilelile ila ya aina nyingine, tuseme TXT. Utafutaji wa kwanza unalikuta jina na kukijaza kielekezi, halafu unagundua aina siyo, na kurudi na jibu kwamba jina lipo lakini aina iliyoombwa haipo. BIND inalichukua jibu hilo kama kukosa tu, inahamia sehemu ya majibu na kuita utafutaji wa pili kwa kielekezi kilekile ambacho sasa kimejaa. Sharti limevunjika. Kwenye logi yanabaki maneno `REQUIRE(*name == ((void *)0)) failed`, yanafuatiwa na `exiting (due to assertion failure)`, na `named`, programu yenyewe ya BIND inayojibu maombi, haipo tena.

Mstari wa ISC unakifanya kielekezi kiwe kitupu katikati ya utafutaji wa kwanza na wa pili. Basi. Ulitoka katika matoleo 9.9.7-P2 na 9.10.2-P3, na dosari ilikuwemo tangu 9.1.0 ya mwaka 2001. Msimbo huu uko wazi, anayetaka anausoma, na miaka 14 ilipita.

Watu huuliza ni nani mwenye akili timamu anayeandika seva inayojiua. Waliofanya hivyo walikuwa na sababu. BIND 8 iliacha sifa mbaya ya mianya iliyowaruhusu wavamizi kuingia na kuimiliki mashine nzima. BIND 9 ilipoandikwa upya na kutoka mwaka 2000, waliijaza masharti ya `REQUIRE` na `INSIST` kila kona: hali ikiwa tofauti na ilivyotarajiwa, programu isimame hapohapo kabla mtu hajaitumia kuandika kwenye kumbukumbu asikoruhusiwa. Katika lugha ya C uamuzi huo nauunga mkono, maana afadhali seva iliyokufa kuliko seva inayotumikia mwizi. Nisichokubaliana nacho ni kutumia adhabu moja kwa makosa yote. Kwa ninavyousoma msimbo huu, kielekezi kilichojaa kisingemdhuru mtu. Kingeandikwa upya na kazi kuendelea. Sharti linaloweza kufikiwa na pakiti ya mtu baki linastahili kurudisha jibu la kosa na kuitupa pakiti, si kuzima huduma ya watu wote.

Kujikinga bila kusasisha hakukuwezekana. Orodha za `allow-query` hazikusaidia, kwa sababu ombi lilichambuliwa kabla ya kufika kwenye ukaguzi wa nani anaruhusiwa. Seva zinazohifadhi vikoa na zile zinazowatafutia wateja majibu ziliathirika sawa. Kufungia anwani ya mshambuliaji ni kazi bure, kwani anwani ya pakiti ya UDP hughushiwa kirahisi. Kuna waliotegemea systemd, kisimamizi cha huduma kwenye Linux, iiwashe `named` kila ikifa; mshambuliaji anatuma pakiti nyingine, na seva ya wateja inaamka kila mara bila akiba yoyote ya majibu. Ndani ya siku chache mashambulizi ya kweli yakaanza kuonekana, na aliyekuwa amewasha logi ya maombi aliweza kuona alama ya shambulizi: `ANY TKEY`.

Kuwa na seva mbili hakukuwa kinga kama zote ni BIND. Waendeshaji wa seva za mizizi, zile zilizo kileleni mwa mfumo mzima wa majina, walilifikiria hili mapema: ile yenye herufi K, iliyo chini ya RIPE NCC, ilianza kutumia NSD mwaka 2003, programu iliyoandikwa kivyake bila mstari hata mmoja wa BIND. Kwa kikoa chochote chenye uzito napendekeza seva ya pili iwe NSD au Knot. Kinga hiyo nayo ina mpaka. Dosari ya KeyTrap iliyotangazwa Februari 2024 ilikuwa ndani ya kanuni zenyewe za DNSSEC, mfumo wa kuthibitisha majibu ya seva za majina kwa saini, hivyo programu za BIND, Unbound, PowerDNS na Knot Resolver zote zilipatikana nayo, na pakiti moja iliweza kuikwamisha BIND kwa saa 16.

Ukishasasisha, iwe kwa dosari hii au nyingine, bado kuna jambo. Mifumo ya Linux kama Debian na Red Hat hupachika kiraka kwenye toleo la zamani, hivyo namba ya mbele inaweza kubaki ileile; angalia kiambishi cha nyuma na maelezo ya mabadiliko ya kifurushi. Kisha linganisha `named -v`, inayoonyesha kilichopo kwenye diski, na `rndc status`, inayoonyesha kinachoendeshwa sasa hivi. Zikitofautiana, programu ya zamani bado iko kwenye kumbukumbu ya mashine na pakiti ileile itaiua. `rndc reload` haitoshi, inasoma upya mipangilio na vikoa tu. Izime `named` na uiwashe tena.